Birika la Saa Tisa Usiku

Saa tisa usiku, kiwanda cha barafu, mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Mkono wa kulia nimeshika birika la maji ya moto, tochi nimeibana kwa meno. Nje mitumbwi inafika, nasikia wachukuzi wakiitana na akina mama wa migebuka wakiulizana kama barafu ipo. Ndani kompresa ya mashine ya barafu inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Sindano ya geji ya presha, upande ambao kompresa hunyonya gesi, imelala chini ya sifuri. Bomba ambalo saa hiyo lilipaswa kuwa jeupe kwa theluji limeanza kulowa na kudondosha matone.

Nikamimina maji juu ya valvu ya ekspansheni, mlango mwembamba ambamo gesi ya kupoza hupita na kuleta baridi.

Kimya kidogo. Kisha gesi ikaanza kupita, ule mlio wake mwembamba kama mtu anayevuta pumzi kati ya meno, na sindano ikapanda. Nikamshukuru Mungu, nikarudi kwenye kiti.

Baada ya dakika 40 nilikuwa nimesimama palepale na birika jingine.

Nilifanya hivyo wiki tatu. Uchovu ninauzoea, fundi wa barafu hana usiku. Kilichonila ni kwamba dawa yangu ilifanya kazi kila mara, na ugonjwa haukupona hata siku moja. Nililala nikiliwaza jambo hilo na kuamka nalo. Nimeona niliandike, kwa sababu najua kuna fundi mwenzangu Kasulu, Ujiji au Mpanda ambaye usiku huu naye amechemsha maji.

Neno lililonipoteza

Kwetu neno ni moja. Maji yakiwa barafu, yameganda. Damu imeganda, uji umeganda. Simu isiposogea ukiigusa, imeganda.

Kwa hiyo nilipomwambia kijana wangu wa kazi "valvu imeganda", nilisema mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba haifunguki, na kwamba ndani yake kuna barafu. La kwanza nililiona kwa macho kwenye geji. La pili sikuliona popote. Nilipewa na neno.

Valvu inayokataa kusogea kwenye baridi ina sababu nyingi, na barafu ni mojawapo tu. Oili inaweza kuwa nzito mle ndani, kama asali ya Tabora asubuhi ya Juni inavyogoma kutoka kwenye chupa. Takataka za kulehemu zinaweza kuziba tundu. Raba inaweza kukakamaa. Tefloni, plastiki ya pete za kuzibia, husinyaa karibu mara kumi zaidi ya chuma, kwa hiyo pete iliyopishana vizuri na shina la valvu wakati wa joto inaweza kulibana baridi ikiingia. Na valvu za aina yangu hufunguliwa na gesi kidogo iliyofungiwa kichwani mwake. Gesi hiyo ikivuja, valvu hufunga na kunyamaza.

Sababu zote hizo, kwenye ulimi wa fundi aliyechoka, ni "imeganda".

Siku hizi nasema "imekwama" mpaka nijue imekwama kwa nini. Kijana wangu alidhani ni mambo ya lugha. Mimi kwangu ni mambo ya kazi.

Swali la Mzee

Fundi aliyenifundisha anaishi Ujiji, amestaafu, macho hayaoni vizuri. Ujana wake aliumalizia kwenye viwanda vya barafu vinavyopoza kwa gesi ya amonia huko pwani. Nilikwenda kwake Jumapili moja mchana.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Nikamsimulia yote. Nilitarajia ataniuliza aina ya valvu, aina ya gesi, ukubwa wa kompresa. Hakuuliza hata kimoja.

"Ukishaipasha, inakaa muda gani ndipo inarudia?"

"Kama dakika 40."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Na ukiiacha bila kuipasha?"

Hapo nilinyamaza. Wiki tatu zote sikuwahi kuiacha. Mtu una wateja nje na samaki wanaingia, huwezi kuikalia mashine iliyokwama ukaitazama tu. Au ndivyo nilivyoamini.

"Kaiache," akasema. "Chukua saa, kaa nayo."

Usiku ule nilikaa. Kukaa bila kufanya kitu mbele ya mashine iliyokwama ni kazi ngumu kuliko kufungua kompresa. Mara mbili nilinyanyuka kulifuata birika, mara mbili nikarudi. Dakika ya 22 nikasikia mlio. Sindano ikapanda yenyewe.

Hakuna aliyeigusa.

Moyo ulinipiga. Mchanga haujiondoi wenyewe kwenye tundu. Kichwa kilichovuja hakijijazi gesi. Kitu kinachoziba, kikangoja, kikajifungua, kisha kikaziba tena baada ya muda uleule, hicho ni maji. Gesi inapopenya kwenye tundu la ekspansheni presha inaporomoka na baridi inaingia ghafla. Yale matone machache yaliyosafiri nayo yanaganda palepale mdomoni. Gesi ikikosa njia, baridi nayo inakoma. Joto la chumba linaingia kwenye valvu, barafu inayeyuka, njia inafunguka. Na safari inaanza upya.

Mzee alikuwa ameniambia jambo jingine ambalo sikulielewa hadi usiku ule: "Mimi nimezeeka na amonia, usinisikilize bila kupima." Kwenye amonia maji huyeyuka ndani ya gesi yenyewe, hayagandi kwenye valvu namna hii. Adui wa kule ni oili. Haichanganyiki na amonia. Huzama chini, na kwenye baridi huwa nzito mpaka inashika valvu na vichujio. Angenijibu kwa mazoea yake, angenipeleka kumwaga oili. Alinipa swali ambalo mashine yenyewe ingelijibu.

Kiganja kwanza, kitambaa baadaye

Hata hivyo sikutaka kuamini ushahidi mmoja. Neno "imeganda" lilikuwa limeshanipoteza mara moja, na sasa ushahidi ulikuwa unanirudisha kwenye barafu ileile niliyoidhani tangu mwanzo. Nilikuwa nimebahatisha, au nilijua? Tofauti ni kubwa. Aliyebahatisha hawezi kujua achukue hatua gani kesho.

Nikaanza kulifikiria birika lenyewe. Nilikuwa namwaga lita nzima juu ya kila kitu: mwili wa valvu, kichwa chake, na balbu ya shaba iliyofungwa kwenye bomba linalorudi kompresa. Balbu hiyo ndiyo kidole cha valvu. Ikihisi joto, gesi iliyo ndani yake hupanuka na kusukuma kichwa, valvu ikafunguka zaidi. Maana yake birika langu lilifanya kazi tatu kwa pamoja: liliyeyusha barafu kama ipo, lililainisha oili kama imekuwa nzito, na lilipasha balbu hivyo kuiamuru valvu ifunguke. Kama tatizo lingekuwa lolote kati ya hayo, maji ya moto yangeleta nafuu ileile.

Kipimo kinachojibu "ndiyo" kwa kila swali hakijajibu swali.

Basi usiku wa pili nilivigawa. Valvu ilipokwama niliifungua ile kamba ya balbu, nikaitoa kwenye bomba, nikaishika kiganjani. Kiganja tu. Ilikuwa baridi kama kijiti cha barafu ya watoto, kisha ikaanza kuchukua joto la mwili wangu. Nikahesabu dakika tatu. Sindano haikutikisika. Kichwa cha valvu kilikuwa kinaambiwa "fungua" na hakikuweza.

Nikairudisha balbu mahali pake. Nikalowesha kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, nikakizungusha kwenye mwili wa valvu peke yake, upande wa kutokea, nikihakikisha hakuna tone linalogusa balbu. Haikufika dakika moja, gesi ikapita.

Ilibaki oili. Nayo hulainika kwa joto, kwa hiyo kitambaa peke yake hakikuitenganisha na barafu.

Lakini kioo cha kuchungulia, kile chenye alama ya rangi katikati, kilikuwa cha njano. Kijani ni kukavu, njano ni unyevu. Nilikuwa nakiona kila siku. Nilijiambia kimezeeka, rangi imepauka.

Maji yaliingilia wapi

Hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu maji hayaingii kwenye mfumo uliofungwa. Huingizwa.

Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, tulitumia nafasi hiyo kubadilisha kompresa iliyokuwa imechoka. Ya zamani ilitumia gesi ya kupoza ya R22 na oili ya madini. Mpya ilikuja ya R404A, na gesi hiyo inataka oili ya polyesta, maana ile ya madini haichanganyiki nayo. Nilifanya kazi mwenyewe. Nilisuuza mabomba vizuri, nikabadilisha valvu, nikalehemu. Nilijivunia.

Oili ya polyesta hunywa unyevu wa hewa kama chumvi ya mezani wakati wa masika. Ya madini ukiisahau wazi kwa saa chache, haidhuriki sana. Ya polyesta ikiachwa wazi inajishibisha maji, na maji yake ni ya kung'ang'ania. Pampu ya vakyumu, ile ya kunyonya hewa na unyevu kutoka kwenye mabomba, haiwezi kuyavuta yote. Kopo langu lilikaa na kifuniko kilichoegeshwa tu, siku mbili. Ilikuwa Julai, kiangazi, vumbi tupu barabarani. Nikadhani hewa ni kavu. Lakini chumba cha mashine kiko hatua chache kutoka ziwani, na kila alfajiri mabati yake hudondosha umande.

Kisha nikavuta vakyumu. Nusu saa tu, umeme ukakatika, ukarudi, nikaongeza robo saa, nikatazama geji ya kawaida: sindano iko chini kabisa. Nikaridhika.

Ile "chini kabisa" nimeifikiria sana. Geji ya kawaida hupima tofauti kati ya ndani na hewa ya nje. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Hapa kwetu sindano hukoma karibu na inchi 27 za zebaki, haifiki 30 hata pampu iwe nzuri namna gani. Mtu aliyejifunzia pwani ataona pampu mbovu. Mimi niliyezaliwa hapa nikiona 27 nafurahi. Wote wawili hatujui kitu. Maji ya nyuzi 25 huanza kuchemka presha ikishuka mpaka kama milimita 24 za zebaki, na ili ukaushe mfumo inafaa ushuke hadi nusu milimita hivi, mafundi wanaita mikroni 500. Kwenye uso wa geji ya kawaida, safari yote hiyo kutoka 24 mpaka nusu haizidi mstari mmoja mdogo. Nilikuwa napima unga wa dhahabu kwa mizani ya magunia.

Tena ukivuta kwa haraka penye maji mengi, yanayochemka hujipoza yenyewe hadi yanaganda mle ndani ya bomba. Pampu inavuma, barafu imetulia, wewe unaona kazi imeisha.

Nilirudia yote. Nilitoa gesi nikaihifadhi kwenye mtungi wake. Nikamwaga oili na kununua kopo dogo, si kubwa, la kufungua na kumaliza siku hiyohiyo. Nikafunga draya mpya, kile kichujio cha kunyonya unyevu. Nikapitisha nitrojeni kavu, nikavuta, nikajaza nitrojeni tena, nikavuta tena, mara tatu, na safari ya mwisho nilitumia geji ya mikroni niliyoazima kwa fundi wa hospitali. Ilipofika mikroni 480 nilifunga pampu na kungoja. Kama ndani bado kuna maji, namba hupanda taratibu kisha husimama. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu. Ilipanda hadi 610 ikakaa: hakuna tundu, ila unyevu kidogo umebaki. Siku tano baadaye nikabadilisha draya kwa mara ya pili, kwa sababu yale yaliyobaki kwenye kona za oili hutoka polepole.

Siku ya sita kioo kilikuwa cha kijani.

Nililala usiku mzima. Mke wangu alidhani naumwa.

Koki isiyo na kofia

Ningeishia hapo, lakini kuna valvu nyingine, na hiyo siwezi kuiandika bila kusita.

Katikati ya zile wiki tatu, tulitaka kufunga koki ya mkono iliyo kwenye bomba la kunyonya. Ile yenye shina la pembe nne, unaizungusha kwa spana. Ilikuwa nyeupe kwa theluji na haikugeuka. Kijana wangu aliiweka spana, akaivuta, akanitazama.

Nikamwambia aongezee bomba kwenye mpini.

Pembe za shina zililika. Pakingi, muhuri unaozunguka shina, ikaachia, gesi ikatoka kwa kishindo, na kidole chake cha shahada kikapigwa na kimiminika. R404A huchemka kwenye nyuzi kama 46 chini ya sifuri. Ncha ya kidole ilikuwa nyeupe na ngumu, kama ya sanamu ya mshumaa, na yeye alikuwa anaitazama bila kulia kwa sababu alikuwa haisikii. Tulifungua milango, tukamtoa nje, tukakiweka kidole kwenye maji ya uvuguvugu, bila kukisugua, tukampeleka hospitali. Kimepona. Ukucha umeota umepinda kidogo.

Yeye hakufanya kosa. Alifanya nilichomwambia.

Nilipoifungua koki ile baadaye niliona sababu, na haikuhusiana kabisa na maji ya ndani. Kofia yake ya shaba ilikuwa imepotea, labda miaka. Kila baridi ilipokuja, umande uliingia kati ya shina na nati ya pakingi ukaganda. Kila mashine ilipozimwa ukayeyuka na kuacha kutu. Miezi mitatu ya ziwa kufungwa haikuguswa hata mara moja. Kutu ilikuwa imefanya ndoa na chuma. Kazi yake ilikuwa ndogo: kuzima mashine, kuacha koki ifikie joto la chumba, kulegeza nati ya pakingi nusu mzunguko, kugeuza shina kidogo mbele kidogo nyuma, kisha kukaza nati tena. Robo saa.

Na wapo wanaoleta moto wa gesi. Nawaomba, msifanye. Mvuke wa gesi hizi ukikutana na mwali hugeuka sumu inayochoma mapafu. Na kama kimiminika kimefungiwa kati ya koki mbili, hakina pa kupanukia. Ukikipasha, kinapasua bomba.

Shingo ndefu

Mwaka huu nilikwenda Dar es Salaam kumuuguza dada, na nje ya hospitali nikaliona tangi la oksijeni ya kimiminika. Nyuzi 183 chini ya sifuri mle ndani. Nilisimama kwenye uzio nikisahau chakula nilichombebea mgonjwa.

Valvu zake zina shingo ndefu. Mwili uko chini kwenye baridi, umevaa theluji, lakini shina linapanda, linapanda, na pakingi iko juu kabisa mahali ambapo chuma kimeshapata joto la hewa. Theluji inaishia njiani. Aliyezibuni hakutafuta pakingi ya kustahimili baridi ile. Aliisogeza pakingi mbali nayo. Na pale oili au grisi ni mwiko kabisa, kwa sababu ikikutana na oksijeni inaweza kuwaka. Kule huwezi kulainisha kilichokwama. Lazima kisikwame.

Nilimwonyesha kijana wangu picha. Aliitazama muda mrefu akikisugua kile kidole.

Alhamisi iliyopita

Mwezi ulikuwa mpevu, wavuvi wa dagaa wamepumzika, kiwanda kimya. Simu ikalia. Mzee.

"Mashine?"

"Nzima, Mzee. Kioo ni kijani."

"Na koki zako, unazizungusha?"

Nilikuwa nimepanga kufanya hivyo mwisho wa mwezi. Nikamwambia nasubiri. Akakaa kimya kwenye simu, nasikia redio yake nyuma.

Nikachukua spana na kurunzi, nikamwamsha kijana. Zipo saba. Tulianzia ya kondensa, panapopozwa gesi ya moto, tukavua kofia, tukafuta shina, nusu mzunguko mbele, nusu nyuma. Ya pili laini. Ya tatu ilikuwa nzito kidogo. Nikamwona anabadilisha mshiko ili aongeze nguvu, halafu akaacha mwenyewe, akalegeza nati kwanza.